Siku Afande Alipokuwa na Adabu

Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, Fundi alisimama jikoni akimwomba Mungu, kwa unyenyekevu wote, amjaalie mtoto wake avunje japo sahani moja.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa kufuli na vitasa, mwenye kibanda chake mtaa wa pili, mtu wa kupiga mswaki mara mbili kwa siku na kurudisha chenji iliyozidi. Lakini saa tatu kamili Afisa wa Ustawi wa Jamii angefika, na mtoto, ambaye ndani ya wiki moja alikuwa amevunja vikombe vitatu, kioo kimoja na subira ya jirani, leo alikaa kitini mikono mapajani, nywele zimechanwa, akinywa chai bila kutoa sauti.

"Afande," Fundi alimwita kwa matumaini, "chai si ya moto mno?"

"Hapana, baba. Asante, baba."

Baba mara mbili kwa pumzi moja! Fundi alihisi jasho likimteremka mgongoni kama mdudu asiye na haraka.

Mtoto huyo alikuwa na miaka minane, na jina la Afande alilipata kwa ukaguzi. Kila asubuhi alipita nyumba nzima: anafungua makabati, anahakikisha mkate upo, anachungulia madirisha, kisha anasimama mbele ya kila mtu na kumtazama usoni kama anayetafuta kasoro kwenye sare. Aliletwa miaka miwili iliyopita kwa malezi ya kambo, nyumba ya tano katika maisha yake mafupi. Wiki mbili za kwanza alilala chini ya kitanda. Mkate aliuficha ndani ya mto mpaka mto ukaota ukungu. Ukimgusa bega bila kumwambia, anauma.

Serikali, katika huruma yake, ilimpa Mtaalamu: mama mpole wa kutibu hofu za watoto, mwenye chumba cha zulia na sanduku la mchanga, kila Alhamisi saa tisa. Baada ya mwaka mmoja na nusu wa Alhamisi hizo, Afande alikuwa amewahi kusema "nimeogopa" badala ya kuuma. Mara mbili. Fundi alikumbuka tarehe zote mbili kuliko ya harusi yake.

Kisha wakamwasili, akawa mtoto wao kisheria. Mahakamani palikuwa na furaha, hakimu akagonga muhuri, Mjomba akalia mpaka akaazima leso ya karani. Na kumbe muhuri ule ulikuwa dawa ya ajabu, kwani kwa hesabu za serikali mtoto wa kambo ana kiwewe, ila mtoto aliyeasiliwa ana wazazi. Barua ikaja: msaada utakoma mwisho wa mwezi, isipokuwa tathmini ya nyumbani ionyeshe kwamba hali ya mtoto bado ni nzito. Zinatakiwa alama arobaini kati ya sitini. Taarifa ya Mtaalamu ilikuwa imeshaleta kumi na nane kati ya ishirini. Ishirini nyingine zilikuwa za daftari la matukio ya kila siku, na ishirini za mwisho ni za yale ambayo Afisa angeyaona kwa macho yake.

Na macho yake yangeona nini? Malaika anakunywa chai.

"Shemeji," alinong'ona Mjomba, akiingia na shati aliloazima kabatini mwa Fundi. Mjomba alikuwa mdogo wake mkewe Fundi, na alikuwa akiishi hapo kwa muda, muda huo ukiwa sasa umetimiza miaka kumi na mmoja. "Mbona katulia hivi? Anaumwa?"

"Angeumwa ningefurahi."

"Haya maneno ya baba kweli?"

"Nenda kakae."

Afisa alifika saa tatu na dakika mbili. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, viatu vya kutembelea, faili la kijani kwapani na kalamu mbili kifuani kama medali. Alionekana mtu ambaye tangu asubuhi alikuwa ameshaona nyumba mbili na bado anazo tatu. Afande alimfungulia mlango, akampokea mkoba, akamvutia kiti.

"Karibu, mama. Utakunywa chai?"

"Jamani!" Afisa aliwageukia wazazi. "Hongereni."

"Siku zote hayuko hivi," alisema Fundi haraka.

"Wazazi wote husema hivyo." Akaandika kitu.

Alikagua chumba cha mtoto. Kitanda kimetandikwa kama cha hospitali. Alimwomba asome, akasoma. Alimuuliza anampenda nani zaidi nyumbani, akajibu kwamba anawapenda wote sawa, jibu la mwanasiasa mzoefu. Hatimaye Afisa akaomba kwenda msalani, na hapo ndipo ilipobidi aelezwe desturi ya nyumba.

"Hakuna komeo," alisema Fundi. "Wala kitasa. Hakuna mlango unaofungwa humu ndani. Aliye msalani huimba, ili watu wajue."

Afisa alimtazama. "Wewe si ndiye fundi wa kufuli?"

"Ndiye."

Majirani walikuwa wameshamaliza kicheko chao kuhusu jambo hilo, kwa hiyo Fundi hakuona haya tena. Katika nyumba ya pili kati ya zile tano, Afande alikuwa akifungiwa stoo. Si mlango uliomtisha, bali ule mlio, *ta!*, wa komeo likiingia mahali pake. Wiki yake ya kwanza Fundi alichukua bisibisi akang'oa kila kufuli, komeo na kitasa alichowahi kukifunga kwa mikono yake, na usiku mlango wa mbele uliegemezewa kabati.

"Niimbe nini?" Afisa aliuliza.

"Chochote, Afisa. Mjomba huwa anasoma matokeo ya mpira."

Afisa wa Serikali aliingia msalani, na punde sauti yake ikasikika ikipanda na kushuka na hesabu za saba. Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba, arobaini na tisa. Saba mara nane... hamsini na nne.

"Hamsini na sita, mama," Afande alisahihisha kwa upole kutoka sebuleni.

Mjomba alijiziba mdomo kwa mto wa kochi. Fundi hakucheka. Alikuwa akihesabu alama zinavyoyeyuka. Mtoto mtulivu, mwenye heshima, hodari wa hesabu! Hata yeye asingempa huyu msaada.

Bado daftari, alijifariji. Daftari lilikuwa kazi ya mkewe, aliyeliandika miezi mitatu bila kuruka siku. Mkewe alikuwa karani wa masjala, miaka kumi na tisa kazini, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu walimletea kadi za harusi aandike majina. Fundi alikuwa hajalisoma. Angelisomea nini, na matukio yenyewe alikuwa ameyapokea kichwani, mengine kwa umbo la kikombe?

Afisa alirudi, akakaa, akafungua ukurasa wa kwanza.

"'Jumatatu,'" alisoma chini chini. "'Amekula vizuri. Amemsaidia mjomba wake kutafuta soksi.'"

Fundi aliikumbuka Jumatatu hiyo. Soksi zilitafutwa kwa saa nne, na zilipatikana zimeziba bomba la maji.

"'Jumatano. Ameonyesha nia ya kujifunza upishi.'"

Jumatano ndiyo siku pazia la jikoni liliposhika moto.

"'Ijumaa. Amecheza mchezo wa kujificha, kwa ustadi mkubwa.'"

Saa sita! Saa sita alizopotea, mtaa mzima na polisi wawili wakimtafuta, mpaka alipokutwa juu ya tangi, midomo imekauka, akikataa kushuka kwa sababu Mjomba alikuwa amechelewa kurudi na mtoto alikuwa na hakika kwamba Mjomba naye ameshahamishiwa nyumba nyingine.

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alitazama pazia jipya.

"Mama Afande," alisema Fundi kwa sauti ya mtu anayetabasamu kwa meno tu, "njoo unisaidie kitu jikoni."

Jikoni alimkabili. "Daftari gani lile?"

"Nakala safi."

"Nakala safi! Umesafisha mpaka mtoto mwenyewe hayumo!"

"Punguza sauti."

"La kweli liko wapi?"

"Lipo." Mkewe alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha vyombo. "Wewe unajua funguo, mume wangu. Mimi najua mafaili. Watu wanakufa, ofisi zinahama, faili linabaki pale pale, linasubiri. Siku moja ana miaka ishirini na mbili, anaomba kazi, mtu anafungua: mwizi wa mikate. Mchomaji wa mapazia. Anakojoa akiogopa. Na mwandiko ni wangu mimi, mama yake! Nilianza kuandika kweli. Nimeandika yote. Halafu jana nilipoyasoma, mkono ukakataa kuyapeleka."

"Bila Alhamisi zile," alisema Fundi, "hatafika hiyo ishirini na mbili akiwa mzima."

"Najua."

"Sasa?"

"Sijui," alisema mkewe, na akatoka kwenda kumjazia mgeni chai.

Mjomba alichungulia. "Shemeji, nimesikia kidogo. Nimchokoze? Nifiche kalamu zake za rangi, kidogo tu, mpaka apige kelele moja."

"Ukizigusa nakung'oa meno."

"Nilitaka kusaidia."

"Miaka kumi na mmoja unasaidia."

"Haya. Ila wewe mwenyewe kisanduku chako kimejaa kufuli." Mjomba alisema hivyo kwa utani, akaondoka zake akitafuta sukari.

Fundi alibaki peke yake na kisanduku cha kazi, kilichokuwa chini ya meza ya jikoni kwa kuwa leo hakufungua kibanda. Ndani mlikuwa na kufuli la shaba la mteja, dogo, lililotiwa mafuta jana na kuachwa wazi. Alilitia mfukoni. Alijiambia kwamba analitia tu.

Sebuleni Afisa alikuwa akijaza fomu. Kazi ya Fundi ilikuwa imemfundisha kusoma vitu vilivyogeuzwa juu chini, na kutoka aliposimama aliona tarakimu: daftari, tano. Upande wa yaliyoonekana, kalamu ilikuwa ikielea juu ya sita. Kumi na nane na tano na sita, ishirini na tisa. Afande alikaa miguuni pa mgeni akichora nyumba yenye maua.

Kidole gumba cha Fundi kilikuwa juu ya upinde wa kufuli. Kilihitaji kubonyeza tu. *Ta!* moja, ndani ya mfuko, hakuna ambaye angejua ilikotoka. Mtoto angeruka, angepiga mayowe, angejificha chini ya kochi na kujipiga kichwa ukutani, na Afisa angefuta ile sita na kuandika ishirini. Alhamisi zingebaki. Ingekuwa kwa faida yake mwenyewe. Si hata sindano huuma?

Alifikiri hivyo kwa muda ambao baadaye hakupenda kuukumbuka. Afande aliinua uso kutoka kwenye mchoro, akamtazama vile vile anavyomtazama kila asubuhi kwenye ukaguzi, na Fundi akaona kwamba akilibonyeza kufuli hili, kesho asubuhi atakaguliwa na hatapita.

Alilitoa taratibu likiwa wazi, akampa Mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma yake. "Toka nalo. Nenda hadi mwisho wa mtaa. Likijifunga mkononi mwako, usirudi."

Mjomba alitazama kufuli, kisha uso wa shemeji yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alitii bila kujibu.

"Basi, mzee," alisema Afisa akifunga faili. "Tumemaliza. Nitasema ukweli, nimefurahi. Mngeona watoto wengine ninaowakuta! Pengine Mtaalamu sasa apewe mwenye shida zaidi."

"Afisa, naomba dakika kumi. Nje. Si mbele yake."

"Nina nyumba tatu, baba."

Afande alikuwa ameinuka. Alikwenda chumbani bila kukimbia. Walisikia kabati likifunguliwa. Aliporudi alikuwa amevaa viatu vya shule, kamba zimefungwa fundo mara mbili, na mkononi alibeba mfuko wa plastiki wenye nguo zilizokunjwa mraba, sawasawa na zinavyokunjwa dukani.

"Niko tayari, mama," alimwambia Afisa. "Shuka nimezikunja. Mswaki nimeuacha kwa ajili ya mtoto atakayekuja."

Karani wa masjala alishika ukingo wa meza.

"Tayari wapi?" Afisa aliuliza polepole.

"Sijui. Mama wa faili ndiye anayejua." Akaongeza, kana kwamba anamrahisishia kazi mgeni, "Sikulia. Nyumba ya tatu nililia, wakasema nimekawiza gari."

Fundi alipiga magoti. "Afande. Nisikilize. Huendi popote. Afisa anaondoka peke yake."

"Ndiyo, baba," alisema mtoto kwa adabu, bila kumwamini hata chembe, na akaupenyeza mkono wake mdogo kwenye kiganja cha Afisa.

Kumbe adabu yote ile ya asubuhi! Chai, kiti, kitanda cha hospitali. Alikuwa akiaga.

Afisa aliutoa mkono wake taratibu, na hilo ndilo lililokuwa kosa, ingawa hakuna ambaye angelifanya vingine. Mtoto aliutazama mkono wake uliobaki mtupu. Huku hatakiwi, na huko pia hatakiwi. Ndipo alipopasuka. Kikombe kilikwenda ukutani. Faili la kijani liliruka, fomu zikatawanyika, moja ikapasuliwa katikati kwa meno. Sauti iliyomtoka haikuwa kilio, ilikuwa kama chuma kikivutwa juu ya saruji. Fundi alimdaka, akaumwa chini ya kidole gumba hadi mfupa ukasema, na sakafuni palikuwa na maji ambayo hayakuwa chai. Wakaangukia chini ya meza, mtoto akipiga kichwa, Fundi akitanguliza kiganja ili kigonge kiganja badala ya sakafu.

Hiki ndicho alichokiomba jikoni saa mbili na nusu. Aliona viatu vya Afisa pembeni, na akaona, juu ya viatu, mkono ukienda kwenye kalamu.

"Usiandike!" alifoka. "Asikuone unaandika! Tafadhali. Asikuone."

Mkono ulisimama. Kisha Afisa wa Serikali, mwenye nyumba tatu zinazomngoja, alitia kalamu zote mbili mkobani, akajishusha sakafuni kwa shida na miguno, mbali na mlango, akakaa kimya akitazama ukuta.

Ilichukua dakika arobaini. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyesema nyamaza.

Mayowe yalipogeuka kwikwi, karani alitoka chumbani na daftari la pili. Jalada lilikuwa na madoa ya chai, kurasa zimevimba. Alilishika kifuani kama mtu anayeombwa mtoto.

"Nakala halisi huwa sichani," alisema kwa sauti kavu. "Sikufundishwa hivyo. Yote yamo."

"Litaingia kwenye faili, mama," alisema Afisa. "Siwezi kukudanganya."

"Liingie kwa bahasha ya siri. Kwa lakiri. Lifunguliwe na Mtaalamu na mkuu wako tu, na kila anayelifungua aandike jina, tarehe na sababu. Kanuni ipo. Ofisini kwenu hamuitumii kwa uvivu."

"Ipo," Afisa alikiri.

"Basi bahasha nitaifunga mimi."

Na akaifunga, mezani, juu ya vichwa vya mumewe na mtoto wake, kwa nta na uzi, fundo likikaa sawa. Alipomkabidhi Afisa hakuiachia mara moja. Waliishika wote wawili kidogo.

Afisa aliinama, akachungulia chini ya meza, si karibu sana.

"Naondoka sasa," alimwambia mtoto. "Mimi, mkoba wangu na faili langu. Unaweza kunitazama dirishani mpaka nipinde kona."

Afande alitambaa hadi dirishani, akatazama.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu: alama arobaini na sita, mwaka mmoja, kisha tathmini upya. Fundi aliisoma mara nne na kuanza palepale kuuogopa mwaka ujao. Ila siku ile yenyewe hawakujua lolote. Walichojua ni kwamba mtoto hakuvua viatu. Alikula navyo, alilala navyo, Jumatano alikwenda navyo kuoga, na mfuko ulikuwa mlangoni, umekunjwa upya. Mjomba alirudi jioni ile mikono mitupu na hakuulizwa kufuli liko wapi. Mteja alilipwa jipya.

Alhamisi saa tisa Fundi alimpeleka kwa Mtaalamu. Pale viatu huvuliwa mlangoni kwa ajili ya zulia. Afande alisimama kizingitini, mfuko mkononi. Mtaalamu hakumhimiza. Alikaa kwenye zulia, akaanza kuchekecha mchanga. Fundi alikaa kwenye benchi la nje, mkono umefungwa bandeji, mlango ukiwa wazi kabisa kama kawaida.

Saa tisa na nusu mtoto alichutama akaanza kufungua fundo la kwanza. Fundo la mara mbili ni gumu kwa vidole vidogo. Fundi alitamani kumsaidia, akajikalia mikono.

Saa kumi kasoro tano kiatu cha kushoto kilitoka. Afande aliweka mguu mmoja kwenye zulia, mwingine, wenye kiatu, akaubakisha nje kwenye saruji, na akageuka kumtazama Fundi usoni, kwa muda mrefu, akimkagua.